Neno Lililofika Toka Mbali

Somo letu la leo limo katika Injili ya Luka, sura ya 7, mstari wa 1 hadi wa 10.

Akida mmoja alikuwa na mtumishi mgonjwa, karibu kufa. Akatuma watu kumwambia Yesu asijisumbue kuingia nyumbani mwake, kwa kuwa amri yake ingetosha. Yesu hakufika kitandani pa mgonjwa, wala hakumgusa. Lakini wale wajumbe waliporudi, walimkuta mzima.

Ndugu zetu, tunalo jambo la kuungama. Katika kanisa letu yuko kijana, mwana wa mama mchuma chai. Alianza kusikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia, akasema majirani wataka kumwua. Hospitalini alipewa dawa, akapata nafuu. Nasi tukamwambia mama yake kwamba imani yatosha, dawa ziachwe. Baada ya majuma machache usingizi ulimpotea, sauti zikarudi, na ndugu zake wakamfunga kamba kwenye nguzo ya jikoni. Watu wakaanza kunong'ona jina la bibi kizee jirani, ati ndiye aliyemroga. Tuliogopa. Hatujasahau Oktoba 2021, akina mama wazee wanne walipouawa huko Marani kwa kushukiwa uchawi.

Msaada ulikuja kwa simu. Zamani mgonjwa kama huyu alipelekwa Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanzishwa 1910, safari ya kilomita 300 hivi. Siku hizi hata mjini Kisii wagonjwa wa akili hutibiwa, lakini nauli ya pikipiki na matatu toka milimani huwashinda wengi. Basi muuguzi mmoja alipiga simu. Aliongea kwanza na kijana mwenyewe, akamwomba ruhusa kabla ya kuongea na mama yake. Akauliza: Umelala? Umekula? Sauti zasemaje leo? Dawa zilikusumbua? Ndipo ikajulikana kwamba zilimkakamaza shingo na kumtetemesha mikono, naye aliona haya kusema. Akaitwa hospitalini, dawa zikabadilishwa, akawa anachomwa sindano mara moja kwa mwezi. Toka hapo simu ilikuja kila juma, siku ile ile, sauti ile ile. Kwa mtu anayetishwa na sauti, ni jambo kubwa kuizoea sauti moja inayomtakia mema.

Lakini tusidanganyane. Mgonjwa asiyelala siku kadhaa, anayekataa chakula, anayesema atajiua au anayetishia wengine, apelekwe hospitali upesi. Simu haichomi sindano, wala haifungui kamba. Kamba ile ilifunguliwa na ndugu zake wenyewe, walipoelezwa kwamba huu ni ugonjwa, wala si uchawi. Sisi tulichanga nauli, tukamwomba mama yule msamaha.

Mkumbuke akida. Bwana aliponya toka mbali, lakini kulikuwako watu waliotembea njiani kupeleka habari. Je, sisi tu wajumbe wa namna gani? Juma hili, ukijua nyumba iliyomficha mgonjwa, nenda. Uliza kama ana dawa, kama ana nauli, kama simu ya nyumbani ina chaji. Kisha omba pamoja naye, wala usimwambie aache dawa.

Kijana yule angali anatumia dawa. Siku nyingine sauti humjia, lakini anajua ampigie nani.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwafunga wale uliowapenda. Uwabariki wauguzi wanaopiga simu jioni wakiwa wamechoka. Utupe miguu ya kwenda na masikio ya kusikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.