Sumu Iliyopata Mshale

Katika bara ya Malindi, kuelekea Tsavo, waliishi Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, watu waliowinda ndovu kwa uta mzito ajabu na mishale yenye sumu ya mti wa msungu. Na ye yote aliyepata kuitazama mishale hiyo kwa karibu hakukosa kuona kwamba ile ncha yenye sumu, nyeusi na nzito kama lami, ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, ambao kazi yake ilikuwa kuihifadhi sumu isikauke kwa jua ikapoteza makali, na kumhifadhi mwindaji mwenyewe asije akajichoma akawa yeye ndiye windo. Naomba ukanda huo msiusahau.

Matabibu wa saratani, kwa miaka mingi, walikuwa watu wenye sumu wasio na mshale. Dawa zao ziliingia katika damu zikaenea mwili mzima, zikaua seli mbaya na njema pamoja, hata mgonjwa aliyenyonyoka nywele na kutapika alikuwa anaugua maradhi na tiba kwa wakati mmoja. Mnamo 1972, Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walitangaza kwamba katika mmea mmoja wa jamii ya Maytenus uliotoka Ethiopia wamepata sumu kali mno, maitansini, ambayo huziharibu nyuzi ndogo ndogo ambazo seli huzitegemea inapojigawa. Lakini sumu hiyo ilikuwa haba mno ndani ya mmea, ukatafutwa mwingine wa nasaba yake wenye neema zaidi, na msako ukawaleta watafutaji kwetu, katika vilima vya Shimba, Kwale. Imeandikwa na waliochunguza habari hii kwamba zaidi ya tani 27 zilivunwa kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na kwamba mmea ulipatikana kwa maarifa ya Wadigo, waliokuwa wakiutumia kwa dawa tangu zamani. Tani 27! Na baada ya jasho lote hilo, maitansini ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilishindwa, kwa kuwa kipimo cha kuudhuru uvimbe kilikuwa kimekwisha mdhuru mwenye uvimbe kwa matapishi, kuhara na ganzi.

Mshale ulikuwa ukichongwa mahali pengine. Paul Ehrlich, tabibu wa Kijerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alitamani risasi ya ajabu itakayomfuata adui peke yake mwilini, ila hakuwa na cha kuichongea. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliiunganisha seli ya panya itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaana, wakapata kiwanda hai kitoacho kingamwili za namna moja tu, bila kikomo. Kingamwili ni askari wa damu anayeijua alama moja ya adui na kuishika hiyo hiyo. Mojawapo, trastuzumabi, iliyoidhinishwa Marekani 1998, huishika protini iitwayo HER2, ambayo katika takriban saratani moja ya matiti kwa kila tano hujaa tele juu ya seli.

Ndipo sumu ilipooana na mshale. Maitansini ilibadilishwa kidogo, ipate kikonyo cha kushikiwa. Kila kingamwili ikabebeshwa, kwa wastani, molekuli tatu na nusu. Na katikati pakawekwa kiungo kisichofunguka ovyo katika damu, na hicho ndicho ule ukanda wa ngozi. Kingamwili husafiri, hukutana na alama yake, hunata. Seli, kwa ulafi wake, huimeza na mzigo wake, huitia katika vijifuko vyake vya kumeng'enyea, na kwa kuimeng'enya hujifungulia yenyewe sumu ya kuiua. Dawa hiyo, trastuzumabi emtansini, ilikubaliwa Marekani 2013, baada ya jaribio ambalo nusu ya wagonjwa walioipata, ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imekwisha enea, waliishi miezi 30.9 au zaidi, ilhali kwa waliopewa dawa nyingine ilikuwa 25.1. Mshale nao hukosea: ini huweza kuumia, na chembe za kugandisha damu hupungua. Lakini anayeidharau miezi hiyo karibu sita hajapata kuihesabu akiwa kando ya kitanda.

Wako watakaosema, basi, dawa hii ni mali ya Kwale. Insafu yanilazimu kukiri kwamba jambo si jepesi hivyo, maana sumu iliyomo leo haichumwi msituni, bali hufanywa kutokana na ndugu yake anayetolewa na bakteria katika mapipa ya uchachushaji. Hata hivyo, aliyewaonyesha wageni njia ya kilimani hakuwaonyesha bakteria. Aliwaonyesha mmea, kwa elimu aliyorithi, na waandishi wale wale wanasema kwamba kwa elimu hiyo Wadigo hawakutambuliwa. Mkataba wa bayoanuwai ulitiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya, inayomtaka mchukuaji aombe ruhusa kwanza na kugawana faida na wenyeji, ikapitishwa 2010. Mizigo ya Shimba ilikuwa imekwisha ondoka zamani.