Mali Bila Daftari

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wa mwaka



Kamati imeniomba nieleze habari za kile kisanduku chenye matundu 24 ambacho chama chetu kimeinunulia shule. Najua wako waliouliza kwa nini fedha nyingi kiasi kile zitumike kwa kitu kisicho na kioo wala vitufe vya kuandikia. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu.

Kisanduku hiki ni swichi ya mtandao. Kila kompyuta ina anwani yake ya kudumu iliyotiwa kiwandani, yenye biti 48. Kompyuta inapotuma habari, swichi huitazama anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba fulani yuko tundu la 7. Habari ya kumfikia huyo ikija, inapelekwa tundu la 7 tu. Ikiwa mpokeaji hajulikani bado, swichi huitoa habari hiyo matundu yote isipokuwa lile ilikotokea. Asiyesikika kwa muda, ambao kwa kawaida ni dakika 5, hufutwa katika jedwali. Kwa ufupi, ni karani wa posta asiyelala.

Basi karani huyu naye anaendeshwa na programu, na programu huwa na kasoro zinazogunduliwa baadaye. Tarehe 6 Aprili 2018 watu wasiojulikana walizivamia swichi za Cisco katika nchi mbalimbali. Walifuta maagizo yaliyokuwamo na kuacha picha ya bendera ya Marekani. Wizara ya mawasiliano ya Iran ilisema swichi 200,000 duniani ziliguswa, na kati ya hizo 3,500 zilikuwa nchini mwao. Mlango waliopitia ni huduma iitwayo Smart Install, iliyowekwa ili kumrahisishia fundi kazi ya kufunga swichi mpya. Kampuni ilikuwa imekwisha kuonya kwamba asiyeihitaji huduma hiyo aizime, na siku 9 kabla ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro iliyokuwamo. Dawa ilikuwapo. Wagonjwa hawakuinywa.

Sasa niwaambie vijana namna kazi hii inavyofanywa, maana ni ninyi mtakaoifanya.

Kwanza, jua ulicho nacho. Andika aina ya swichi na toleo la programu yake, kisha soma maelezo ya toleo jipya mpaka mwisho. Pili, toa nakala ya maagizo yote na kuiweka nje ya swichi. Kumbukeni kwamba swichi nyingi zina maagizo ya namna mbili: yale yanayotumika sasa, ambayo hupotea umeme ukikatika, na yale yaliyohifadhiwa, ambayo husomwa swichi inapowaka. Asiyehifadhi kazi yake ameandika juu ya mchanga.

Tatu, chukua programu kwa mtengenezaji mwenyewe, na ukokotoe alama yake ya uhakiki. Ikitofautiana na ile aliyoitangaza hata kwa herufi moja, faili hilo limeharibika au limechezewa, litupe. Nne, hakikisha nafasi inatosha kuweka programu mpya bila kuifuta ya zamani, ili njia ya kurudi iwepo. Tano, unganisha kompyuta yako kwa kebo ya konsoli, ambayo kwa swichi nyingi huzungumza kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kebo hiyo itakufikisha ndani hata mtandao wote ukiwa umelala.

Sita, fanya kazi hiyo wakati wa likizo, swichi ikiwa juu ya betri ya akiba. Umeme ukikatika wakati programu inaandikwa, mashine inaweza isiwake tena, na sote tunaujua umeme wetu. Mwisho, iwashe upya na upime kila kitu kwa orodha uliyoiandaa kabla. Kuona taa za kijani hakutoshi.

Baada ya hapo ndipo upangaji. Badilisha neno la siri la kiwandani, kwa kuwa limeandikwa katika vitabu na kila mwizi analijua. Zima Telnet, inayopitisha neno la siri wazi kama kadi ya posta, na utumie SSH. Yafunge matundu yasiyotumika. Kisha gawanya mtandao kwa njia ya VLAN: ofisi ya mhasibu na kumbukumbu za alama ziwe upande mmoja, na chumba cha kompyuta cha wanafunzi upande mwingine. Waya unaweza kuwa mmoja, lakini kutoka upande huu kwenda ule ni lazima kupitia ruta, na hapo ndipo tunapoweka mlinzi. Mkuu wa Shule amecheka, na wanafunzi wa Kidato cha Nne wamenyamaza, naona tumeelewana.

Usizime kamwe ile kinga ya mizunguko aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985. Mtoto akichomeka ncha mbili za kebo moja katika matundu mawili, habari zinaweza kuzunguka bila kikomo mpaka mtandao ukazimia. Lakini hata kinga hiyo ina mipaka yake. Mwezi Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilikuwa na mtandao uliopanuliwa kupita mpango wake. Ulizidiwa na tatizo la namna hiyo kwa muda wa siku nne hivi, na madaktari wakarudi kwenye karatasi. Tusidharau kazi ya kuchora ramani ya waya zetu.

Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi hii miaka mingi, katika ofisi na hospitali. Mitambo niliyoikuta imekufa, mingi haikufa kwa kuchakaa. Ilikufa kwa sababu mtu mmoja aliyelijua neno la siri alihama, au alistaafu, au alifariki, na hakuacha hata ukurasa mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakizungumza juu ya duka, lakini na swichi imo.

Kwa hiyo natoa hoja tatu. Ya kwanza, pawe na daftari la mtandao lenye ramani, tarehe za kila badiliko na jina la aliyelifanya, na neno la siri liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa katika kabati la Mkuu wa Shule. Ya pili, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili, mmoja wa Kidato cha Pili na mmoja wa cha Tatu, wajifunze kazi hii kila mwaka, ili anayeondoka amwachie anayebaki. Ya tatu, fedha iliyobaki inunue betri ya akiba kabla ya kompyuta nyingine. Najua wengi wenu mlitaka kompyuta zaidi, na kompyuta hupendeza katika picha. Lakini kuongeza abiria katika basi lisilo na breki si ukarimu.

Mimi niko tayari kuja kila likizo ya Desemba kwa nauli yangu kuwafundisha hao watatu. Hoja nawaachia wanachama waijadili.