Pua Haihitaji Kifuniko



Mhadhara huu umezaliwa na hasira. Katika mkutano mmoja wa wadau wa malezi ya awali, mtoa mada kutoka upande wa wachapishaji alituinulia kitabu cha picha cha viungo vya mwili, kinene, chenye kurasa za kadibodi. Funua, uone pua. Vuta utepe, mkono upunge. Bonyeza, sikio lilie. Akahitimisha kwamba kitabu cha mtoto wa chini ya miaka mitatu kisicho na cha kufunua, kuvuta wala kubonyeza ni kitabu mfu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nitaeleza kwa nini.

Hoja yake ilisimama juu ya madai matatu: kwamba vifuniko ni maendeleo ya kisasa, kwamba mtoto hujifunza kwa mikono, na kwamba vifuniko humtuliza.

La kwanza ni jepesi. Kifuniko ni cha zamani, na hakikubuniwa kwa ajili ya watoto. Mwaka 1543, Andreas Vesalius alipochapisha huko Basel kitabu chake kikubwa cha anatomia, alitoa pia muhtasari wenye picha za ogani ambazo msomaji alizikata na kuzibandika moja juu ya nyingine kwenye umbo la mtu. Mwaka 1619 daktari Mjerumani, Johann Remmelin, akatoa Catoptrum Microcosmicum, ambamo mwili unafunuliwa tabaka kwa tabaka hadi matumbo na moyo. Mabwana hawa walikuwa na sababu: ini halionekani, figo haionekani. Pua inaonekana. Mtoto anayo, bibi anayo, hata paka wa jirani anayo. Kuificha pua ili mtoto aitafute ni kumtengenezea tatizo ambalo Mungu hakumpa.

Dai la pili ndilo lililoteka ukumbi. Sitawachosha na nadharia za mwanasaikolojia Piaget. Kwamba mtoto hujifunza kwa kushika, hakuna anayebisha hapa. Swali ni: anashika nini, na kushika huko kunampeleka wapi?

Hapa naomba mnivumilie, maana nafika kwenye utafiti ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1998 Judy DeLoache na wenzake waliwapa watoto wa miezi tisa vitabu vyenye picha halisi za vitu vya kawaida. Watoto hawakuzitazama tu. Walizipapasa, walizikwaruza kwa kucha, walizidonoa kwa vidole wakijaribu kuking’oa kitu kutoka kwenye karatasi. Watafiti wakajiuliza kama hiyo ni tabia ya watoto wa Kimarekani waliolelewa katikati ya picha, wakaenda Côte d’Ivoire kwa watoto wa jamii ya Wabeng, wasio na mazoea hayo. Nao walifanya vilevile. Lakini watoto wa Kimarekani wa miezi kumi na tisa hawakudonoa tena: walinyoosha kidole kwenye picha na kutoa sauti, wakimtaka mtu mzima aseme kitu.

Tulizeni akili hapo. Kati ya miezi tisa na kumi na tisa mtoto amevuka mto mkubwa. Ametambua kwamba picha si kitu, bali ni habari ya kitu. Ameacha kushika, ameanza kuonyesha. Sasa tunamletea kitabu kinachomwambia: rudi ulikotoka, shika, vuta, ng’oa!

Kurudi huko nyuma nimekuona nyumbani kwangu. Mjukuu wangu ana kitabu cha namna hiyo, zawadi ya shangazi yake. Ukimuuliza, “Pua iko wapi?” hagusi pua yake. Anakimbia kukileta kitabu, anafunua kifuniko, anakifunga, anakifunua tena, kisha anatutazama tumpigie makofi. Kifuniko cha tumbo alishakitafuna. Limebaki doa la gundi. Ukimuuliza tumbo liko wapi, analitazama lile doa, anafumbua viganja: hakuna. Anasema hakuna, na tumbo lake limejaa uji wa asubuhi! Lakini jioni moja, kwenye beseni la kuogea, bibi yake alimuuliza swali hilo hilo naye akajipiga tumboni maji yakaruka.

Mtasema mjukuu mmoja si utafiti. Ni kweli. Basi chukueni kazi ya mwaka 2010 ya Medha Tare, Cynthia Chiong, Patricia Ganea na DeLoache huyo huyo. Watoto wa miezi ishirini waliofundishwa majina mapya kwa kitabu chenye sehemu za kuchezea walishindwa kuyahamishia kwingine vizuri kama wenzao waliotumia kitabu cha kawaida. Wa miezi thelathini na thelathini na sita walikumbuka mambo machache zaidi. Kilichosaidia ni picha zinazofanana na uhalisia. Kilichokwamisha ni vya kuvuta. Majaribio yale hayakuhusu viungo vya mwili, lakini sioni kwa nini goti liwe na bahati zaidi.

Dai la tatu, la kutulia, nalikubali. Mtoto hutulia kweli. Ila kutulia si kujifunza, na mzazi anayepata nafasi ya kwenda jikoni amenunua utulivu, hakununua somo.

Haki lazima itendeke. Dorothy Kunhardt, katika Pat the Bunny ya mwaka 1940, aliweka kipande cha kukwaruza ili mtoto aguse ndevu za baba. Hilo picha tupu hailiwezi. Karen Katz naye, katika Where Is Baby’s Belly Button? ya mwaka 2000, aliweka kitovu chini ya shati, na kitovu kweli hukaa chini ya shati. Mtoto akifunua karatasi anajifunza jambo atakalolirudia kwenye shati lake. Kwa hiyo sifungi mlango wote. Kifuniko na kikae pale ambapo mwili wenyewe umefunikwa.

Baada ya kupima yote hayo, imani yangu ya miaka mingi iko palepale: kitabu cha mtoto mdogo ni kitabu cha mtu mzima. Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi sita hadi tisa tayari wanaelewa baadhi ya majina ya vyakula na ya viungo vya mwili. Hawakuyapata kwenye kadibodi. Waliyapata walipokuwa wakiogeshwa, wakivishwa, wakilishwa. Na tangu mwaka 1988 tunajua kutoka kwa Grover Whitehurst kwamba mzazi akielekezwa kuuliza maswali ya wazi na kuyaendeleza majibu ya mtoto, lugha ya mtoto hupanda ndani ya mwezi mmoja tu. Kinachopaswa kusukumwa, kuvutwa na kubonyezwa ni ulimi wa mzazi.

Tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Nawasihi wanaoitekeleza, na wachapishaji wetu: pigeni picha za watoto wetu wenyewe, viwiko na visigino vikionekana vizuri. Chini ya kila picha andikeni swali moja litakalomfanya mama, baba au bibi amguse mtoto mahali panapotajwa. Kuunganisha vifuniko ni kazi ya mikono na gharama yake huishia kwenye bei ya kitabu. Viondoeni, na kwa fedha hiyo chapeni nakala nyingi zaidi.