UCHAGUZI WA VISHIKWAMBI VIPYA KWA WATUMISHI WA VIJIJINI

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakazi wa Wilaya ya Misungwi



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Msemo huo humkanya mtu anayekwepa kazi kwa kusingizia chombo. Hata hivyo, anayemchagulia mwenzake jembe hana budi kulijua shamba. Ndivyo ilivyo kwa idara yoyote inayokusudia kubadilisha vishikwambi vya watumishi wake wa vijijini.

Sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022 ndiyo iliyovifanya vishikwambi vijulikane nchini kote. Makarani waliacha madodoso ya karatasi, na watu 61,741,120 wakahesabiwa. Baada ya kazi hiyo Serikali iligawa vifaa hivyo kwa sekta nyingine, wakiwemo walimu. Kifaa kilichoanza kazi mwaka huo sasa kinazeeka. Betri haimalizi siku, kioo kimepasuka, na huenda mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya usalama. Kubadilisha hakuepukiki, linalobaki ni kuchagua vema.

Wakazi wa Misungwi wanayo sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Kuanzia mwaka 2019 aina nne za vyandarua zilijaribiwa katika vijiji 72 vya wilaya hii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa vyandarua vyenye viuatilifu viwili, pairethroidi na klorfenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vile vya pairethroidi peke yake. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Matokeo ya namna hiyo hutegemea uhakika kwamba mtoto aliyepimwa leo ndiye aliyepimwa katika ziara iliyopita, na kwamba nyumba iliyoandikwa ndiyo iliyotembelewa. Kumbukumbu zikipotea au zikichanganyika, jasho la watumishi na subira ya wananchi hupotea pamoja nazo.

Hivyo basi, kabla ya zabuni kutangazwa, inafaa mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Kazi. Mtoza ushuru mnadani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa ugani wa wakulima wa pamba hawana mahitaji yaleyale. Wahusika waulizwe kwanza.

(b) Mtandao. Programu iweze kuhifadhi taarifa ndani ya kifaa na kuzituma baadaye. Setilaiti za kutambua mahali hazihitaji mtandao wa simu, hivyo kijiji kisichoshika mtandao kisiachwe nyuma. Nafasi ya laini mbili ni msaada mkubwa.

(c) Jua, vumbi na maji. Alama ya IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii, na kwamba kifaa hustahimili kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mtumishi anayepanda mtumbwi au pikipiki anaihitaji kuliko kamera nzuri. Kioo nacho kisomeke juani.

(d) Umeme. Betri idumu siku nzima ya kazi, na kifaa kiweze kuchajiwa kwa umeme wa jua.

(e) Matengenezo. Ijulikane vipuri vinapatikana Mwanza au la, dhamana ni ya muda gani, na masasisho ya usalama yatatolewa kwa miaka mingapi. Rahisi hugeuka ghali.

Inashauriwa sampuli chache zikabidhiwe kwa watumishi wenyewe kwa wiki mbili, ufukweni Kigongo na bara Misasi, kabla ya idadi kubwa kununuliwa. Aidha, mzigo ukipokelewa, namba ya utambulisho ya kila kifaa ikaguliwe kwa kubonyeza *#06# na ilinganishwe na ya kwenye boksi. Itakumbukwa kuwa Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na waliozinunua ndio waliopata hasara.

Vifaa vya zamani visisahauliwe. Taarifa zote zihamishwe na zihakikiwe kwanza, kisha zifutwe kabisa, na makabidhiano yaandikwe katika rejesta ya mali. Ndani ya kifaa chakavu yamo majina ya kaya, namba za simu na hali za afya za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Kishikwambi kilichotupwa kabatini, au kilichouzwa bila kufutwa, ni siri ya mwananchi iliyoachwa wazi.

Ndugu wananchi, mtumishi anapobisha hodi akiwa na kifaa kipya, mwenye nyumba anayo haki ya kuelezwa taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani. Naye mtumishi anao wajibu wa kujibu kwa heshima. Kifaa bora hakitaleta manufaa iwapo mwenye nyumba hana imani na anayekishika.