Arzuhali kwa Ajili ya Barabara Ipitayo Kijijini

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari ya barabara, wala si habari ya ubovu wake, kama ilivyo desturi, bali habari ya uzuri wake. Maana barabara mbovu hujilinda yenyewe: mashimo humlazimisha dereva kwenda polepole, apende asipende. Iliyotiwa lami haina mlinzi.

Sisi tukaao katika vijiji vya Tanzania vilivyo kando ya njia kuu twalijua jambo hili. Vijiji vingi vya namna hiyo havikujipanga vyenyewe. Tangu mwaka 1973 hata 1976 watu walihamishwa kutoka katika mashamba yao ya mbali, wakakusanywa pamoja, na mara nyingi mahali palipochaguliwa palikuwa kando ya barabara, ili shule, maji na zahanati viwafikie kwa urahisi. Siku zile barabara nyingi zilikuwa za udongo, na vumbi la lori lilionekana mbali kabla lori lenyewe halijafika. Baadaye lami ikaja, nasi tukaishangilia. Nyumba zimebaki upande huu, shule iko upande wa pili, na katikati mabasi yanashindana.

Na tufanye hesabu kidogo. Wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme barabara ina upana wa mita 7, na mtoto wa darasa la kwanza avuka kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Atakuwa juu ya lami sekunde 7. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila sekunde. Kwa hiyo katika sekunde hizo 7 litakuwa limekwenda zaidi ya mita 150, yaani uwanja wa mpira mmoja na nusu. Mtoto akiliona likiwa karibu zaidi ya hapo, amekwisha kuchelewa, naye hajui. Mtu mzima hukadiria umbali huo kwa mazoea; mtoto wa miaka saba hawezi, hata akionywa kila asubuhi. Tena hatukusema neno juu ya kona, wala juu ya mbuzi aliyekatika kamba.

Dereva naye ana hesabu yake. Akienda kilomita 50 kwa saa, tangu aone hatari hata asimame, atahitaji kadiri ya mita 28, breki zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu. Akienda 80 atahitaji mita 57 au zaidi. Mwendo haukuongezeka hata maradufu, lakini umbali wa kusimama umepita maradufu.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi. Basi waandikao arzuhali, yaani barua ya maombi, hawaombi hisani ya mtu. Waomba sheria iliyokwisha kutungwa ionekane kwa macho, kwa kibao, kwa mistari ya kuvukia na kwa tuta.

Twajua yanayotendeka mara nyingi badala ya barua. Mtoto amegongwa, watu wamejaa uchungu, wanavingirisha mawe na magogo barabarani. Au vijana wanatoka usiku na majembe wakajenga tuta lao la udongo. Uchungu huo hatuulaumu. Lakini tuta lisilo na kibao wala rangi, nani hulipata kwanza gizani? Si dereva wa basi aliye juu katika kiti chake. Ni kijana wa bodaboda, amempakia mama mjamzito anayewahishwa zahanati. Na kesho yake habari ya mtoto imeachwa, watu wanaulizwa nani alifunga barabara.

Arzuhali, basi. Jambo la kwanza kuulizwa ni hili: barabara ni ya nani? Hapo ndipo barua nyingi hupotelea. Barabara kuu na za mikoa zatunzwa na TANROADS, wakala iliyoundwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini zatunzwa na TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Wakazi wakipeleka maombi ya tuta la barabara kuu kwa halmashauri peke yake, halmashauri haina mamlaka ya kulijenga, na barua italala katika jalada hata karatasi igeuke rangi. Hata hivyo halmashauri isirukwe, maana diwani ndiye kinywa cha kata, na mwenyekiti wa halmashauri huketi katika Bodi ya Barabara ya Mkoa. Barua iandikwe kwa mwenye barabara, na nakala iende kwa diwani na kwa askari wa usalama barabarani.

Ianzie katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ana haki ya kuhudhuria, nao hufanywa kila miezi mitatu. Maombi yaliyoandikwa katika muhtasari wa mkutano ni maneno ya kijiji. Yaliyoandikwa na mtu mmoja, hata akiwa mwalimu mwenye mwandiko mzuri, ni maneno ya mtu mmoja.

Tena yawe na ushahidi. Pimeni mita 100 kando ya barabara kwa kamba, mtie alama mbili, na watu wazima wawili wasimame mbali na lami wakiwa na saa. Gari liendalo kilomita 50 hupita kati ya alama kwa sekunde 7 na kidogo. Liendalo 80 hupita kwa sekunde 4 na nusu. Andikeni kila gari kwa muda wa saa moja asubuhi, watoto waendapo shule. Mhandisi aweza kuyapuuza malalamiko, lakini daftari la namna hii atalisoma.

Haja itajwe waziwazi. Msiandike, "Tunaomba serikali itusaidie kuhusu magari." Andikeni, "Tunaomba matuta mawili yenye rangi na vibao, moja kila upande wa lango la shule, na njia ya miguu kutoka sokoni." Kazi hizo si za gharama ya kutisha. Dar es Salaam, mpango uitwao SARSAI, wa shirika la Amend, ulitengeneza njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, na mwaka 2019 ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji.

Mkifikisha barua, nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, na mkutano ujao diwani aulizwe imefika wapi. Kamba nayo isirudishwe upesi kwa mwenyewe. Matuta yakisha kujengwa, itanyooshwa tena mahali pale pale, saa ile ile ya asubuhi, tupate kujua kama mabasi yamesikia.