Kinga Inapoulisha Uvimbe: Peptidi za Kinga ya Asili katika Saratani ya Tezi Dume



Hoja yangu jioni hii ni moja, na ninaisema mapema ili mnipime nayo. Ubora wa kinga ya mwili haupimwi kwa wingi wake. Molekuli ileile inayoua bakteria kwenye kidonda, ikiwa ndani ya tezi dume yenye saratani, yaweza kuulisha uvimbe na kuufungulia njia. Nalisema hili kwa uchungu, maana wanaume wengi wa rika la baba zetu, wakishaambiwa wana ugonjwa huu, kitu cha kwanza wanachouziwa ni chupa ya “kuongeza kinga”. Hakuna anayewauliza: kinga ipi, na iongezwe wapi?

Nianze na peptidi zenyewe. Ni minyororo mifupi ya asidi amino ambayo mwili huwa nayo kabla haujamjua adui. Hazingoji chanjo wala kumbukumbu ya ugonjwa uliopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Hans Boman na wenzake huko Stockholm walizipata katika nondo aliye bado pupa. Mwaka 1985 kundi la Robert Lehrer na Tomas Ganz, Los Angeles, likaeleza peptidi ziitwazo difensini, zilizomo ndani ya seli nyeupe za damu ya binadamu.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha chura. Michael Zasloff alikuwa akifanya utafiti Bethesda, Marekani, akitumia vyura wa Kiafrika waitwao Xenopus laevis. Aliwapasua ili kutoa mayai, akawashona, akawarudisha kwenye maji yasiyokuwa safi hata kidogo. Vidonda vyao vilipona bila usaha. Watafiti wengi walikuwa wameliona hilo kwa miaka mingi wakalipita. Yeye alisimama akauliza kwa nini, akaichunguza ngozi ya chura, na mwaka 1987 akachapisha habari za peptidi mbili zenye asidi amino 23 kila moja. Wanafunzi wangu, nawaomba mkichukue kisa hiki: jambo lilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Namna zinavyoua ni rahisi kueleza. Nyingi zina chaji chanya. Utando wa bakteria umejaa chaji hasi kwa nje, ilhali wa seli zetu una chaji hiyo kidogo, tena umeimarishwa na kolesteroli. Basi peptidi huvutwa kwa bakteria, hujipenyeza katika utando wake, utando ukavuja, bakteria akafa.

Binadamu ana difensini za aina nyingi, lakini katika jamii nyingine ya peptidi hizi, katelisidini, anayo moja tu, nayo huitwa LL-37 kwa kuwa ina asidi amino 37 na mbili za mwanzo ni lusini. Huhifadhiwa ikiwa sehemu ya protini kubwa zaidi, hadi kimeng'enya kiikate na kuifungua. Protini hiyo mama imo pia kwa wingi kwenye manii. Yakifika katika uke, ambako kuna asidi, kimeng'enya kilichomo ndani ya manii yenyewe huikata, ikatokea peptidi inayoua vijidudu. Kwa hiyo njia za uzazi za mwanamume si eneo geni kwa molekuli hii. Ni nyumbani kwake.

Sasa tufike penye ugumu. LL-37 haiui tu. Huita seli nyeupe zije, huzifanya seli za ngozi zitembee kuziba jeraha, na huchochea mishipa mipya ya damu. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi akishalipwa haulizi anaikarabati nyumba ya nani. Uvimbe wa saratani unahitaji mambo hayohayo: seli zinazotembea, damu mpya, na wasaidizi kutoka nje.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, walionyesha kwamba LL-37 imezidi katika saratani ya tezi dume ya binadamu. Kisha wakageukia panya wa maabara ambao jeni zao zimebadilishwa ili wapate ugonjwa huo. Kwa panya hao, peptidi inayolingana na ya kwetu iliongezeka kadiri uvimbe ulivyokomaa. Walipoipunguza ndani ya seli za saratani, seli zilizaliana polepole, zikapungukiwa nguvu ya kuvamia, na uvimbe ukakua kidogo. Kazi ya miaka michache baadaye, iliyochapishwa 2016, iliongeza jambo linalonitia wasiwasi zaidi: peptidi itokayo kwenye uvimbe huwavuta askari wachanga wa damu na kuwafanya wawe makrofaji, yaani seli za kinga, wanaoutumikia uvimbe badala ya kuushambulia.

Upande wa pili kuna difensini beta ya kwanza, ambayo tezi dume yenye afya huitengeneza kila siku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 uliikuta imetoweka, au imebaki kidogo sana, katika asilimia 82 ya saratani za tezi dume zilizochunguzwa. Ilipofanywa izalishwe tena ndani ya seli za saratani kwenye maabara, seli nyingi zilikufa. Yaani uvimbe unachagua: peptidi inayouua inazimwa, inayoujenga inawashwa. Na katika utumbo mpana mambo hugeuka, kwa kuwa huko LL-37 ndiyo hupungua saratani inapoingia, na majaribio ya maabara yanaonyesha inauzuia uvimbe. Kiungo kimoja si kingine.

Mtu aniulize basi kuhusu vitamini D, na swali hilo nalistahi. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Los Angeles lilionyesha kwamba vitamini D huiamsha jeni ya katelisidini na kusaidia seli kuua vimelea vya kifua kikuu, na kwamba damu ya Wamarekani weusi, waliokuwa na vitamini hiyo kidogo, haikuiamsha vizuri. Hiyo ni habari njema kwa mapafu. Ila jaribio kubwa la Marekani lililowafuata watu 25,871, matokeo yake yakatangazwa 2018, halikuonyesha kwamba vidonge vya vitamini D vinapunguza idadi ya wanaopata saratani, ya tezi dume ikiwemo. Nami, nikiyajua niliyowaeleza kuhusu LL-37, nisingetarajia vinginevyo.

Hadi leo hakuna dawa ya kuizuia LL-37 iliyoidhinishwa kwa wagonjwa hawa, na panya si binadamu. Mzee mwenye shida ya mkojo aje hospitali apimwe, na matibabu yaliyopo, upasuaji, mionzi na ya kupunguza homoni, yaanze kwa wakati.

Kwetu sisi wa vyuo kuna kazi isiyohitaji mitambo mikubwa. Maabara za patholojia za hospitali zetu za rufaa zina vipande vya tezi dume vilivyohifadhiwa kwenye nta baada ya uchunguzi. Kingamwili za kutia rangi LL-37 na difensini beta ya kwanza zinanunuliwa sokoni, na hadubini tunazo. Tafiti za saratani ya tezi dume nilizozitaja zimetoka Marekani, wakati saratani hii iko mbele katika orodha ya saratani za wanaume hapa Tanzania na kwa jirani zetu Kenya na Uganda. Naomba kamati ya maadili ipokee pendekezo la kuvichunguza vipande hivyo bila majina ya wenyewe, na naomba wanafunzi wawili wa uzamili walio tayari kukaa na hadubini mwaka mzima.