Kabla ya Harambee, Isomeni Barua: Parokia na Kijana Anayeomba Ufadhili wa Masomo Nje ya Nchi

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wanaotafuta ufadhili wa kusoma nje ya nchi. Jambo hili hufika mbele ya kamati zetu karibu kila mara kwa namna moja. Kijana analeta barua ya chuo cha ng'ambo, mzazi anaomba msaada, na siku ya harambee inapangwa. Furaha inakuwa kubwa, na ni haki yake. Lakini barua yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, inasomwa na wachache, na pengine haisomwi hadi mwisho.

Neno langu leo ni moja. Parokia humsaidia kijana zaidi kwa fedha kidogo zinazotolewa mapema, pamoja na ushauri wa kweli, kuliko kwa harambee kubwa inayofanyika baada ya barua kufika.

Mfano ulio karibu nasi

Hapa Sumbawanga tunayo hospitali yenye jina la Dk. Atiman. Wengi tunalitamka jina hilo kila siku bila kukumbuka kwamba mtu huyo alikuwa mwanafunzi aliyesomeshwa ng'ambo kwa ufadhili. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Wamisionari wa Afrika walimkomboa. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwafundisha vijana Waafrika udaktari ili wafanye kazi pamoja na wamisionari. Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusoma udaktari. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku kwetu, na mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akabaki huko akiwa daktari na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Karema siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi, uliogawanywa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini kazi yake ni urithi wetu sote wa nyanda hizi.

Ufadhili wa namna ile tuutazame kwa makini. Masomo yalilipiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali pa kuishi palikuwapo. Safari ililipiwa. Na kazi ya kufanya baada ya masomo ilijulikana kabla kijana hajapanda meli. Kitu kimoja hakikuwapo: Atiman hakuwa na nafasi ya kuchagua, maana waliomkomboa ndio walioamua. Kijana wetu wa leo anayo nafasi hiyo. Basi anahitaji watu wazima wa kumsaidia kuitumia vizuri.

Ufadhili kamili na punguzo la ada

Barua nyingi zinazoitwa za ufadhili ni za punguzo la ada tu. Chuo kinamwambia kijana kwamba amepata asilimia 50. Sisi tunasikia neno ufadhili tunapiga vigelegele. Tupige hesabu kwanza.

Tuchukue chuo ambacho ada yake ni dola 6,000 kwa mwaka. Punguzo la nusu linaacha dola 3,000. Chumba na chakula, tuseme dola 250 kwa mwezi, ni dola 3,000 nyingine. Jumla ni dola 6,000 kwa mwaka. Tukihesabu dola moja kwa Sh 2,500 ili hesabu iwe rahisi, hizo ni Sh 15,000,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni Sh 60,000,000. Hapo hatujagusa nauli ya ndege, viza wala bima ya afya. Kwa mkulima anayeuza gunia la mahindi Sh 60,000, ni magunia 1,000. Harambee ikipata Sh 4,000,000 tunashangilia, lakini fedha hizo zinamtunza kijana huyo kwa miezi mitatu na siku chache.

Baada ya hapo nini? Anayeshindwa kulipa ada huzuiwa kufanya mitihani. Anayeondolewa chuoni hupoteza kibali cha kukaa katika nchi ile. Anarudi bila cheti, na nyumbani maksai waliokuwa wakilima wamekwisha kuuzwa. Wadogo zake waliokuwa wakisubiri ada ya sekondari nao wanakaa. Hapo hasara ni ya nyumba nzima, na kijana huona aibu hata kuja kanisani.

Wengine husema Bodi ya Mikopo itaziba pengo. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na kwa kawaida mikopo yake ni ya wanaosoma katika vyuo vya ndani ya nchi. Tusimtume kijana ng'ambo kwa kuitegemea.

Ufadhili kamili upo, nao una masharti yake. Chevening ya Serikali ya Uingereza hulipia ada, posho na nauli kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji lazima awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na akimaliza hutakiwa kurudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Basi aliyemaliza kidato cha sita jana si wa Chevening. Asipoteze mwaka akiisubiri. Ufadhili kamili wa Serikali ya China hulipia ada, malazi, posho na bima, ila habari ya nauli iulizwe mapema, kwa kuwa mara nyingi hubaki juu ya mwanafunzi. Nafasi zinazotokana na makubaliano ya serikali na serikali hutangazwa na Wizara ya Elimu, nazo huwa na tarehe ya mwisho isiyomngoja mtu.

Karatasi huanzia parokiani

Vijana wengi wenye alama nzuri huanguka kabla ya kushindanishwa, kwa sababu ya karatasi. Wa kwetu wako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Tangazo likiwafikia zimebaki wiki mbili, hawawezi kuanza kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Na tatizo kubwa ni majina. Kwenye daftari la ubatizo ni Yohana, kwenye cheti cha kidato cha nne ni John, na jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti. Mfadhili aliye mbali hamjui mtoto huyu. Yeye anaona karatasi za watu wawili.

Hapa parokia ina kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya vizuri zaidi. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyotumika mzazi anapomsajili RITA mtoto aliyechelewa kusajiliwa. Kwa hiyo daftari la ubatizo likiandikwa vizuri, na majina matatu yakakaguliwa mtoto akiwa darasa la saba, kabla hajasajiliwa sekondari, tumemwondolea kikwazo cha miaka kumi baadaye. Kama majina yamekwisha kutofautiana, huhitajika hati ya kiapo iliyofuata utaratibu wa sheria, na hilo lifanywe mapema.

Kisha kuna pasipoti. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ni Sh 150,000. Kuna mtihani wa Kiingereza, ambao vyuo vingi huudai, na matokeo yake kwa kawaida hukubalika kwa miaka miwili tu. Ada yake ni kubwa, na mara nyingi kijana lazima asafiri hadi mji mkubwa kuufanya. Kwa hiyo usifanywe kabla hajajua anaomba wapi.

Fedha za namna hii ni kidogo zikilinganishwa na ada ya chuo. Lakini ndizo zinazomfungia mlango mtoto wa mkulima wakati mwenzake wa mjini anapita.

Barua ya mtu anayemfahamu

Waombaji hudaiwa barua za kuwashuhudia kutoka kwa walimu na viongozi. Mara nyingi tunaandika kwamba kijana huyu ni mwaminifu, ana tabia njema na anatoka familia ya Kikristo. Barua hiyo inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimsaidii yeyote.

Mwalimu Julius Nyerere alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, alikuwa na mtu aliyemfahamu kwa karibu: Padre Richard Walsh, mkuu wa Shule ya Mt. Maria, Tabora, alikofundisha Nyerere. Padre huyo alimhimiza aombe, akamsaidia. Mwalimu alihitimu shahada yake mwaka 1952. Ushuhuda wa mtu aliyekuona ukifanya kazi una uzito wake.

Basi paroko au mwalimu anayeandika aseme alichokiona. Kama binti alikuwa akiwafundisha wenzake hesabu jioni katika kigango, liandikwe hilo, na kwa muda gani. Kama kijana alitunza daftari la fedha za vijana na hesabu zikalingana, liandikwe. Na kama hatumfahamu, tuseme hivyo kwa upole, tumwelekeze kwa anayemfahamu.

Mawakala

Ndugu zangu, wapo watu wanaozunguka wakiahidi nafasi za ufadhili kwa malipo. Wapo mawakala wa kweli wa vyuo vya nje, nao hutakiwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Lakini anayetaka fedha kwa simu leo jioni ili jina lisifutwe kesho asubuhi, huyo tumwache. Chevening na programu nyingi kubwa za serikali hazimtozi mwombaji chochote kwa kuomba. Kabla shilling moja haijatoka, kamati imuulize wakala hati yake, kisha iulize TCU wenyewe.

TCU pia ndiyo inayotambua shahada za nje mtu anaporudi. Huangalia chuo alichosoma, na huangalia kama alikuwa na sifa za kuingia chuo kikuu tangu mwanzo. Anayesomea udaktari bado atahitaji kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajamgusa mgonjwa. Maswali haya yaulizwe kabla ya kuondoka. Miaka mitano ya masomo ikikataliwa mezani ni msiba.

Mambo ya kufanya

Napendekeza kamati zetu zifanye mambo manne.

Kwanza, kila parokia iteue watu wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, mmoja wao awe mwanamke, wakae na kijana na wazazi wake waisome barua yote kabla ya harambee kutangazwa. Waandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja: nini kinalipwa, nini hakilipwi, kwa miaka mingapi, na ni alama gani zikishuka ufadhili unakatwa. Wazazi wapewe nakala.

Pili, tuwe na mfuko mdogo wa mwanzo: nauli ya kufuata cheti, pasipoti, mtihani wa Kiingereza, bando la intaneti. Utolewe kwa stakabadhi na usomwe hadharani kila robo mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tuwaangalie mabinti. Nyumba yenye kijana wa kiume na wa kike wenye alama sawa mara nyingi humtanguliza wa kiume kwa nauli na kwa muda wa kujaza fomu. Mfuko wa parokia usirudie jambo hilo.

Nne, tuwe na ujasiri wa kusema hapana kwa barua, bila kumkataa kijana. Barua ya nusu ikija, tumsaidie aombe tena mwakani, au aanze chuo cha hapa nchini, ambako anaweza kuomba mkopo wa Bodi, kisha aende ng'ambo kwa shahada ya pili, ambako ufadhili kamili ni mwingi zaidi. Kwa kijana wa Ufipa njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini haiuzi maksai.

Kwenu wafadhili nina ombi. Mkichagua kumlipia mwanafunzi, mlipieni hadi amalize, hata kama ina maana ya kuchukua mmoja badala ya watatu. Na kama uwezo ni mdogo, msione haya kulipia pasipoti ya mtu au mtihani wake. Jina lenu halitaandikwa kwenye shahada yake, lakini bila hiyo pasipoti asingefika kwenye foleni.

Kamati ikikutana mwezi ujao, aliye na barua mkononi aje nayo yote, kurasa zote, na wazazi wake. Tuanzie hapo.